Uzoefu wangu na di-4-ANEPPS, rangi ya kuonyesha umeme wa moyo

Kuna watu wananiuliza hizi rangi zinaonyesha umeme wa moyo kweli au ni picha za kupambia makala tu, sasa ngoja niseme nilivyoiona. Mi natumia di-4-ANEPPS kwenye moyo wa sungura, moyo mzima uliotolewa mwilini umening'inizwa kwenye mfumo wa Langendorff (unaoulisha kupitia aota, ule mshipa mkuu), unalishwa maji ya Tyrode, maji ya chumvichumvi yenye oksijeni, kwa nyuzi 37, kamera juu yake inapiga picha 1000 kwa sekunde. Inafanya kazi, tena vizuri, ila ina masharti kama dawa ya mganga.

Inakuja unga mwekundu kidogo sana chini ya kichupa, mpaka unajiuliza hela yote ile imeenda wapi. Kwenye maji haiyeyuki, unaanza na DMSO (kiyeyushi), unagawa kwenye vichupa vidogo, unafunga foili unatupia friza maana mwanga unaiua. Siku ya kazi usiisukume kwa pupa jamani, ingiza na sirinji taratibu kwa dakika kadhaa karibu na pale maji yanapoingilia aota, ukikimbiza inashikana chembechembe afu moyo unashika rangi mabaka mabaka, sehemu moja inawaka nyingine kiza, na huo moyo ndo basi tena. Ikiingia sawasawa unaona nyama inabadilika polepole inakuwa na rangi ya chungwa fulani hivi, hapo unajua leo kuna kazi.

Ninachoipendea ni kwamba ikiwa kwenye maji karibu haing'ai kabisa, mpaka ijipachike kwenye utando wa seli. Unaimulika kijani inarudisha nyekundu, filta yangu inapitisha kuanzia nanometa 610 kwenda juu. Umeme wa seli ukipanda mng'ao unashuka, kwa hiyo grafu inakuja kichwa chini miguu juu, usishtuke, igeuze kwenye programu. Mabadiliko yenyewe ni madogo, ukipata asilimia 10 shukuru, mara nyingi ni chini ya hapo, ndo maana taa inayochezacheza itakuua hata rangi iwe nzuri vipi. Lakini kasi yake aisee! Inajibu chini ya milisekunde 1, unaliona wimbi linavyotoka kwenye elektrodi ya kusisimua linasambaa ventrikali nzima, na moyo ukiingia kwenye mtetemeko (mdundo umevurugika kabisa) unayaona mawimbi yanajizungusha yanagongana yanavunjika. Afu ukipiga shoki ya umeme, elektrodi za kawaida zinapofuka hapohapo zinajaa kelele, rangi yenyewe inaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea. Kwa hilo tu mi nishakubali.

Sasa masharti. Haikupi milivolti, inakupa umbo la wimbi na muda basi, anayetaka namba kamili atafute njia nyingine. Inasoma tabaka la juu tu la moyo. Moyo ukidunda picha inavurugika, lazima uuzuie kusinyaa na blebistatini, ambayo nayo ina bei yake na mwanga wa bluu unaiharibu, so angalia taa unazowasha mle ndani. Kubwa kuliko yote ni muda, rangi inaanza kuzama ndani ya seli na mwanga unazidi kuichosha, saa moja ikipita siginali si ile tena, kwa hiyo panga vipimo vya maana vitangulie. Unaweza kuongeza dozi ndogo katikati, inasaidia, ila usijaze jaze, kuna utafiti wa 2012 kwenye moyo wa simbilisi ulionyesha rangi hii yenyewe inapunguza kasi ya wimbi. Tangu nisome ule mi napima kasi kwa elektrodi kabla ya rangi na baada ya rangi, wengi naona wanaruka hiyo hatua sijui kwa nini.

Kama kazi yako ni seli moja moja kwenye kisahani chukua di-8-ANEPPS, inakaa kwenye utando muda mrefu zaidi. Unataka umeme na kalsiamu kwa pamoja, RH237 (rangi ya umeme) na Rhod-2 (ya kalsiamu) ndo wanaelewana. Moyo unaolishwa damu, hii yangu usihangaike nayo, damu inakula kijani chote, tafuta di-4-ANBDQBS inayomulikwa na taa nyekundu. Na msinunue kichupa kikubwa kwa kuanzia, miligramu 5 unatumia mpaka unasahau ulinunua lini.