Matatu za njia ya 145, Ruiru hadi tao Nairobi: uzoefu wangu tangu 2018

Nyota tatu kati ya tano. Ukiniuliza saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakupa nne bila kufikiri. Ukiniuliza saa moja jioni mvua ikinyesha ni mbili, na hiyo ya pili ni ya kumhurumia dereva.

Jina la sacco, yaani ushirika wenye magari haya, nitabaki nalo mfukoni. Kesho nitapanda tena, na makanga wana macho.

Nilihamia Ruiru Januari 2018 nikitoka mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa sababu ile ile iliyowaleta majirani zangu wote: kodi. Pesa niliyokuwa nikilipia chumba kimoja ilinipa viwili, jiko na baraza ndogo ya kuanikia nguo. Wakala aliyenionyesha nyumba aliapa kwamba ni dakika 20 hadi tao. Sikuja kumwita mwongo, kwa sababu dakika 20 zipo kweli. Hakusema tu ni za saa ngapi.

Kwa asiyepajua, mji huu zamani ulikuwa wa kahawa. Hata kuna mbegu ya kahawa inaitwa Ruiru 11. Sasa panapandwa maghorofa. Sensa ya 2009 ilihesabu kama watu 240,000 hapa Ruiru; ya 2019 ikakuta karibu 490,000. Kaunti yote ya Kiambu iliruka kutoka 1,623,282 hadi 2,417,735 katika miaka hiyo kumi. Karibu kila mmoja wao, naona, hupanga kutoka nyumbani saa kumi na mbili na robo.

Ndiyo maana mimi hutoka saa kumi na moja. Bodaboda kutoka mlangoni hadi steji ni 50, na barabara ya ndani ikiwa tope ni 100. Hiyo 50 ndiyo watu hawaihesabu wanapolinganisha kodi za huku na za Nairobi. Kwa siku 26 za kazi, kwenda na kurudi, ni 2,600 kabla hujakanyaga lami.

Lakini alfajiri hiyo huduma haina mpinzani. Gari la viti 33 linajaa kwa dakika tano bila mtu kupiga debe. Muziki uko chini, taa ya buluu inawaka, kila mtu amejifunika kofia ya jaketi na amelala. Kuna dereva mmoja mzee tunayemwita Fathe, huendesha kama aliyebeba mayai, na abiria wa Fathe tunajuana: tukimkuta amekwisha kujaza, tunaachia gari linalofuata kidogo tuone kama atarudi, ingawa tunajua harudi. Barabara ya Thika karibu na jiji ina njia nane, nne kila upande, ilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, na saa hiyo zote nne za kwenda tao ni zako. Steji zinapita tu: KU, Githurai, Roysambu, Muthaiga. Unashtuka makanga akigonga bati mara mbili na kusema, "Ngara, nani anashuka?" Mara nyingi bado kuna giza.

Nauza spika na nyaya barabara ya Luthuli, hapo tao, duka linafunguliwa saa mbili. Kwa hiyo kila siku nafika mapema kwa saa mbili nzima. Nimezilala hizo saa kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi zaidi ya nilivyolala kitandani mwangu.

Kwa nini nisitoke baadaye? Nilijaribu mwezi mzima. Ukitoka Ruiru saa kumi na mbili na robo, unalikuta gari la mbele yako Githurai, unalikuta tena Roysambu, na kutoka Muthaiga hadi Pangani unaweza kusoma mabango yote na kuyarudia. Saa moja na nusu, kwa safari ya kilomita 25 hivi. Halafu mbele ya Ngara makanga anageuka na kutangaza, "Gari imeishia hapa, tao kuna jam." Nauli ulilipa ya hadi tao, lakini hapo hakuna wa kukurudishia hata shilingi kumi. Unashuka, unafuata umati kwa Globe, unavuka River Road na vumbi lako. Wenzangu wa zamani wanakumbuka Desemba 2018, magari yalipokatazwa kabisa kuingia katikati ya jiji na yetu yakatua Ngara, na kina mama wakatembea na watoto mgongoni. Amri ile haikumaliza wiki. Makanga wetu huitekeleza kila wanapotaka.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nauli ya hili gari haijulikani. Si kwamba ni ghali, haijulikani. Nilipohamia, alfajiri ilikuwa 50. Kikaja kipindi cha korona, gari likabeba watu nusu na kidogo, nauli ikapanda, tukaelewa. Agosti 2021 viti vyote vikaruhusiwa tena, na 50 yangu haikurudi. Siku hizi alfajiri nalipa 80, asubuhi kukipambazuka 100 au 120, mchana naweza kurudi kwa 60. Jioni inategemea mawingu.

Aprili iliyopita, jioni ya Ijumaa, laini yetu ilizunguka kona ya jengo. Mvua ilikuwa imeanza saa kumi. Gari la kwanza lilipofika makanga alikuwa akiita mia na hamsini. Watu kumi walipoingia akaangalia juu, akaangalia laini ilivyokua, akasema, "Ruiru mia mbili! Kama huna usinisumbue mlangoni." Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo na gunia la viatu vya mtumba, limelowa nusu.

"Kijana, asubuhi nimekuja na themanini."

"Mathe, asubuhi kulikuwa na jua."

"Kwani hii mvua umeinunua wewe?"

Laini nzima ilicheka, makanga naye akashindwa kujizuia. "Haya mathe, ingia na mia na hamsini. Na gunia litakaa wapi?"

"Litakaa na mimi."

Lilikaa na mimi. Mama alipata kiti cha dirishani, mimi cha kando, gunia likawa katikati ya magoti yetu, na kisigino cha kiatu kimoja kikanidunga kwenye muundi hadi Githurai. Nami, ambaye sikuwa na maneno mazuri, nililipa mia mbili.

Nimewahi kukaa mbele na dereva na kumuuliza. Alinipigia hesabu bila hasira. Mwenye gari anataka pesa yake ya siku, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna mafuta, kuna ada ya sacco, kuna ya steji, na kuna ile ya barabarani ambayo kila abiria ameiona ikipitishwa dirishani akajifanya anaangalia simu. Siku kavu jioni wanapiga safari tatu. Siku ya mvua ni moja na nusu. "Sasa hiyo moja na nusu ilipe tatu," alisema. Nimemwelewa kabisa. Ila mwenye gari analala akijua hesabu yake itatimia, na mimi ndiye bima yake, na hakuna aliyeniuliza kama naiweza kazi hiyo kwa mshahara wa Luthuli.

Kwa upande wa chenji, nitasema kwa kifupi kwa sababu nikirefusha nitakasirika. Ukitoa mia mbili ya nauli ya 120, makanga anakwambia "ngoja" na kupotea nyuma. Ukikaribia kushuka anakuja na noti moja kwako na kwa mtu usiyemjua: "Wewe na huyu, mtagawana." Kwa hiyo mnashuka wote wawili, mmoja wenu si kwake, mnatafuta kibanda cha kununua Big G ili mvunje noti. Nimepata rafiki mmoja wa kweli kwa njia hii, nikiri. Pesa za simu zimesaidia. Magari mengi sasa yana namba imebandikwa juu ya dirisha na unatuma. Lakini ujumbe ukichelewa, unabishana gizani ukionyesha kioo cha simu, na makanga anaonyesha chake. Droo yangu bado ina kadi ya kulipia nauli ya BebaPay ya 2013, ile ya Google na benki ya Equity, nilipokuwa Umoja. Serikali ilisema 2014 pesa taslimu zitaisha kwenye matatu. Zilizoisha ni kadi.

Halafu kuna vijana wa kukalia viti. Mgeni hawajui. Mchana, gari likiwa tupu steji, unaona limebakiza viti viwili tu na makanga anaapa, "Ya mwisho, ni wewe tu tunaenda!" Unaingia. Baada ya dakika kumi abiria mmoja anasimama, anashuka, anapanda mwingine mwenye mzigo. Kisha mwingine anashuka. Wale ni wa kulipwa, kazi yao ni kufanya gari lionekane limejaa. Ilinichukua miezi kuwatambua: hawana begi, hukaa kando ya njia, na hawaulizi nauli. Mmoja tumezoeana. Akiniona napanda gari huninong'oneza, "Hii bado sana, boss, nenda ile ya mbele." Nyota ya tatu ni yake.

Usalama. Sheria za 2004 za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilileta mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Mstari upo. Mikanda ipo pia, ila mingi imepoteza ulimi wa kufungia, na tunajifunga kwa zamu makanga akisema, "Kuna karao mbele, wekeni mikanda hata ya uongo." Unaulaza tu mapajani. Kuhusu zile 80, usiku barabara ikiwa wazi kuna madereva ambao nikiwaona kwenye usukani nasubiri gari lingine. Ubao wa sambaza nao haujafa: ukipita Githurai jioni, mtu wa 34 anakalishwa katikati ya viti viwili, tako moja kwako na jingine kwa jirani, na analipa nauli kamili.

Nimejaribu treni. Inapita Githurai na Kahawa hadi stesheni ya Ruiru, ina ratiba, na raha yake ni kwamba bei ya mvua na ya jua ni moja. Kwangu shida ni mbili: stesheni iko mbali na ninapokaa, kwa hiyo boda inakula faida, na treni ya jioni haimngojei tajiri wangu amalize kuhesabu droo. Kama unaishi karibu na reli na unatoka kazini kwa saa, achana na mimi, panda treni.

Watu hunijibu kwamba matatu ni biashara ya mtu binafsi, nitoe pesa au nitembee. Nilikwenda kuisoma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kazi za kaunti zimeandikwa hapo: barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Upo kwa maneno, umeorodheshwa pamoja na taa. Taa za mtaani kwetu zimewekwa na tukapiga makofi. Kwa upande wa usafiri, 2017 ikaundwa NaMATA, mamlaka ya usafiri wa jiji na kaunti jirani, kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na 2018 tukaona mistari myekundu ikichorwa Barabara ya Thika ya kutengea mabasi ya mwendo kasi njia yake. Rangi ilifutika chini ya magurudumu ya magari yale yale ya 145. Sidai basi la kioo na kiyoyozi. Ningeridhika na kibao kimoja pale steji chenye nauli ya siku, kilichoandikwa asubuhi kabla mtu yeyote hajaangalia mawingu.

Je, nakushauri uhamie huku na utegemee 145? Kama kazi yako inakuruhusu kutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi kabla ya saa kumi jioni, njoo, utatusifu. Kama unatoka saa moja usiku, weka nauli ya mvua kando kila mwisho wa mwezi kama unavyoweka ya stima. Mimi huweka 1,500 kwa Aprili na Novemba. Uwe na noti ndogo. Kaa nyuma ya dereva, si mlangoni. Na jioni usiketi kwenye gari kabla hujawaangalia wenye mabegi ni wangapi.

Jana nilitoa mia, nauli 80. Makanga aliniambia ngoja. Leo alfajiri nimepanda gari lile lile, amenikumbuka vizuri kabisa, ameniuliza hata habari za nyumbani. Ile 20 bado anayo.