Uzoefu wangu na OpenFOAM katika kuiga viputo vya hewa ndani ya maji

Ninaitumia OpenFOAM kuiga kwa kompyuta mwendo wa viputo vya hewa, hasa katika matangi ya kusafishia majitaka, ambako hewa husukumwa kutoka chini ili bakteria wapate oksijeni. Ni programu huria iliyotolewa kwa umma mwaka 2004 na haina ada ya leseni, jambo lenye uzito kwa anayejigharimia mwenyewe. Hata hivyo, ubora wake hutegemea sana unataka kuona nini.

Ukitaka umbo la kiputo kimoja, utatumia interFoam, mojawapo ya programu ndogo zilizomo ndani ya OpenFOAM. Hii hufuata mbinu iliyoelezwa na Hirt na Nichols mwaka 1981: nafasi yote hugawanywa katika visehemu vidogo, yaani seli za gridi, na kila seli hubeba namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha ni sehemu gani ya seli imejaa maji, na uso wa kiputo ni pale namba hiyo inapobadilika. Hapa ndipo penye tahadhari yangu kubwa. Weka kiputo chenye nusukipenyo cha milimita 1 katika maji yaliyotulia, ondoa uvutano, kisha utazame. Kwa kuwa mvutano wa uso wa maji ni takriban 0.072 N/m, shinikizo la ndani linapaswa kuzidi la nje kwa paskali 144 hivi, na kisiwepo chochote kinachosogea. Badala yake, mishale ya kasi huanza kuzunguka pembezoni mwa kiputo. Mikondo hiyo haipo katika maumbile. Huzaliwa kwa sababu mpindo wa uso hukadiriwa kutokana na namba zinazoruka ghafla kati ya seli na seli, na kuongeza seli peke yake hakuiondoi. Kwa viputo vidogo, ambavyo mvutano wa uso ndio unaovitawala, nimehamia programu nyingine, Basilisk ya Stéphane Popinet, ambayo hukadiria mpindo kwa uangalifu zaidi na kuongeza seli pale tu zinapohitajika. Programu yoyote utakayochagua, ipitishe kwanza kwenye jaribio la Hysing na wenzake la mwaka 2009, ambalo hulinganisha programu kwa kiputo kinachopanda: katika kesi yake ya kwanza, yaani uigaji wa kwanza, kasi ya juu kabisa ya kiputo inapaswa kukaribia 0.242 (namba isiyo na kizio).

Kwa tangi zima lenye maelfu ya viputo, mambo ni tofauti, na hapa naisifu OpenFOAM bila kusita. Hakuna kompyuta ya kawaida inayoweza kufuata uso wa kila kiputo, kwa hiyo maji na hewa huchukuliwa kama vitu viwili vinavyopenyana, na kani kati yao huingizwa kwa fomula. Kani hizo huchaguliwa katika faili la phaseProperties: ukinzani, kani ya pembeni (inayosukuma kiputo upande), na masi ya ziada (maji ambayo kiputo hulazimika kuyasukuma kinapoongeza kasi), ambayo kwa kiputo cha duara kigezo chake ni 0.5. Usiharakishe hapo. Kwa fomula ya Tomiyama, kani ya pembeni hubadili mwelekeo kipenyo kinapofika karibu milimita 5.8 katika hewa na maji, kiasi kwamba katika bomba ambalo maji yanapanda, viputo vya milimita 4 hukimbilia ukutani na vya milimita 7 hukusanyika katikati. Anayebahatisha kipenyo, basi, amebahatisha jibu zima. Mimi hupiga picha viputo vyenyewe katika chombo cha kioo chenye rula ndani, na kipimo hicho ndicho ninachoandika katika faili.

Usumbufu uliobaki ni wa matoleo. Kuna matawi mawili makuu ya OpenFOAM yanayoendelezwa kando kando, na katika lile la OpenFOAM Foundation, tangu toleo la 11 la mwaka 2023, sehemu kubwa ya kazi huendeshwa kwa amri ya foamRun, kwa hiyo miongozo mingi ya zamani haiendani tena na unachokiona kwenye skrini. Chagua tawi moja, ubaki nalo hadi mradi uishe, na uandike namba ya toleo ndani ya folda ya kila kesi.