Windows 7 bado ipo mezani: Chrome 109 au Firefox 115?

Wadau wa steshenari hapa Tanga, hasa wenzangu wa Ngamiani ambao mashine za wateja bado ni Windows 7, naulizwa sana niweke brauza gani na naona watu wanaangalia spidi tu.

Chrome kwa Windows 7 na 8 iliishia toleo la 109, Januari 2023, hapo ndo mwisho wa apdeti. Edge nayo iliishia hapohapo, maana tangu 2020 inatumia injini ileile ya Chrome, yaani Chromium (sehemu ya brauza inayosoma na kuchora kurasa), kwa hiyo ukitoka Chrome ukaenda Edge hujahama kitu. Kwenye kufungua kurasa 109 bado inajitahidi, hata :has ya CSS (amri mpya kwenye lugha ya kupangia mwonekano wa tovuti) inaielewa, ila matundu ya usalama yanayogundulika leo hayazibwi, na mteja anakuja pale anaingia akaunti ya benki, anajaza fomu ya mkopo wa chuo, anaandika namba ya NIDA, jamani mimi siwezi kumkalisha mtu hapo.

Firefox 115 ESR (toleo linalopewa viraka kwa muda mrefu) ya Julai 2023 ndo chaguo langu. Mozilla, wenye Firefox, waliendelea kuipa viraka vya usalama na tarehe ya mwisho wakaisogeza mbele zaidi ya mara moja, hapo nawapa heko kabisa. Udhaifu wake upo kwenye viwango vya wavuti, :has ilikuja Firefox 121, kwa hiyo tovuti iliyoitegemea inaweza kufunguka menyu zimekaa shaghalabaghala, na ikitokea hivyo usianze kununua bando jipya, tatizo sio mtandao. Mnaotengeneza tovuti nanyi mzijaribu kwenye Firefox 115 kabla hamjamkabidhi mteja.

Safari sahau, ya Windows iliachwa tangu 2012. Na wenye iPhone huku kwetu, Chrome au Firefox mnayoweka ndani ni WebKit, injini ileile ya Safari, ukurasa ukigoma kwenye moja kubadilisha brauza mara nyingi hakusaidii.

Kama mashine ni ya biti 64 na RAM inafika GB 4, weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, upate Firefox mpya kabisa yenye vyote viwili, usalama na viwango. Iwashe kwanza kwa flashi bila kufuta Windows, uone printa na skana zinakubali, maana steshenari bila printa hakuna kazi.