Basi la Mombasa–Lamu: siti poa, eskoti ya polisi, na ule mjadala wa KDF watoke Somalia ama wabaki

Watu wengi huniuliza kama kwenda Lamu kwa basi kunafaa ama mtu ajikaze tu alipe ndege, basi leo naandika nilivyoona mimi kwenye basi la alfajiri kutoka Mombasa mpaka Mokowe, pale bara unapopandia boti ya kwenda Lamu. Kampuni siitaji kwa sababu kuna mambo mawili matatu sikuyapenda na sitaki kumharibia mtu riziki yake, lakini nitasema yote, na nitasema pia yaliyozungumzwa mle ndani kuhusu wanajeshi wetu wa KDF, yaani jeshi la Kenya, walioko Somalia, maana hii njia na ile vita dhidi ya kundi la Al-Shabaab zimefungana, huwezi kuzungumzia basi la Lamu ukaacha kueleza kwanini linasindikizwa na polisi.

Basi lenyewe kwanza. Siti ni mbili kwa mbili, pana, zinalala nyuma vizuri na hazikwaruzi mgongo, mimi nina mgongo mbovu na nilifika salama. Tiketi nililipa kwa M-Pesa na meseji ikaja hapohapo. Dereva ni mtu mzima mwenye adabu, hakimbizi ovyo, kwenye matuta anapunguza, kila tukisimama anasema tunakaa muda gani na anaufuata. Sasa ubaya: AC ilikufa kabla hata hatujafika Malindi, utingo akawa anasema ngojeni itarudi, haikurudi, na chaja za simu zinafanya kazi upande mmoja tu kwa hivo watu wakawa wanapitishiana waya juu ya vichwa. Maji ya kunywa walituahidi kwenye tiketi, hatukupewa. Mizigo kwenye buti walipanga vizuri lakini hawakutoa risiti, na njia kama hii ambayo kila mzigo unaulizwa ni wa nani, risiti ni lazima kampuni itoe.

Malindi tulipewa nafasi ya kunywa chai, mahamri ya moto na mbaazi za nazi, hapo sina neno, mama muuzaji anajua kazi yake. Kutoka hapo mpaka Garsen watu walilala.

Kilichobadilisha safari ni Gamba, kwenye kizuizi cha polisi. Pale abiria wote mnashuka na vitambulisho mkononi, wanaume foleni yao wanawake yao, askari wanaangalia uso na kadi, mizigo inapekuliwa, alafu mnangoja mpaka magari yajae ndio msafara uondoke na gari la polisi. Mbele yangu kulikuwa na kijana mwembamba, mtu wa visiwani kule karibu na mpaka, na ukimuona tu unajua ameyazoea, maana hakuwa na kitambulisho peke yake, alikuwa na bahasha ya plastiki ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo na kopi ya kitambulisho cha babake, akazitoa moja moja kwa mpangilio bila kuulizwa. Alishikiliwa muda mrefu kuliko sisi wote. Kijana Mkenya, anaenda kwao.

Hapo kwenye kungoja msafara ndio mazungumzo yakaanza. Dada mmoja alikuwa ameshika simu akasema jamani hawa wanajeshi si warudi tu nyumbani, kila mwaka ni haya haya. Mzee mmoja mvuvi wa Lamu akamjibu kwa upole, mwanangu wakirudi leo wewe hii barabara utapita na nani? Na kutoka Gamba mpaka Mokowe watu hawakunyamaza tena, isipokuwa pale Nyongoro na Lango la Simba ambapo mtu akifika huwa anaomba dua kimoyomoyo, kwa sababu mwezi wa kwanza 2020 basi la abiria lilimiminiwa risasi pale Nyongoro na watu wakafa.

Kwa wale waliokuwa wadogo, KDF iliingia Somalia Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi, na sababu iliyotolewa ilianzia hukuhuku kwetu. Mwezi wa tisa mwaka huo watalii wa Kiingereza walivamiwa Kiwayu huku Lamu, mume akauawa na mke akachukuliwa, alafu tarehe moja mwezi wa kumi mama wa Kifaransa akabebwa kutoka Manda, kisha wafanyakazi wawili wa misaada, Wahispania, wakatekwa Dadaab kwenye kambi ya wakimbizi. Siku chache baadae jeshi likavuka mpaka. Mzee mvuvi anakumbuka kila kitu kwa sababu baada ya hapo wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku, na marufuku hiyo ikakaa miaka. Akatuuliza, samaki wa mbali anavuliwa saa ngapi, si usiku? Akasema vijana wengi waliuza nyavu. Kwahivo huyu mzee anayetaka wanajeshi wabaki si kwamba vita haikumgusa, imemgusa mfukoni na mezani.

Hoja yake ni hii, na nilimsikiliza vizuri kwa sababu haizungumzwi sana Nairobi. Kabla ya Septemba 2012 mji wa Kismayo kule Somalia ulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, ni bandari nzima, wakitoza ushuru wa makaa na sukari, na kutoka Kismayo mpaka maji yetu kwa boti si mbali. KDF na wenzao wa Ras Kamboni, wanamgambo wa Kisomali, wakawatoa. Mzee anasema tangu hapo utekaji wa watalii kutoka baharini ulikoma, na hilo kwa mtu wa Lamu si jambo dogo, mji unakula kwa wageni. Anasema ukiondoa jeshi Juba ya Chini, jimbo la huko Kismayo, leo kabla jeshi la Somalia halijasimama, adui atarudi Kismayo na sisi tutarudi 2011.

Mama mwengine kutoka Mpeketoni, mkulima, alikuwa kimya muda wote kisha akasema maneno ambayo kwa kweli yalinikaa. Akasema mwanajeshi wa Kismayo hakunilinda mimi Juni 2014. Ule usiku wa tarehe 15 Mpeketoni na vijiji vya jirani viliposhambuliwa, ndani ya siku mbili wakafa zaidi ya watu 60, na jeshi lilikuwa ng'ambo miaka karibu mitatu tayari. Jengo la maduka la Westgate Nairobi 2013 watu 67, Mandera mwisho wa 2014 basi wakafa 28 na machimboni 36, Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 watu 148. Akauliza, hiyo ngao ilikuwa inakinga wapi? Na hata baadae, Juni 2023, vijiji vya Juhudi na Salama huku Lamu watu watano waliuawa na nyumba zikachomwa. Yeye anataka hao wanajeshi waletwe msitu wa Boni na mpakani, wakae huku ndani.

Mzee akamjibu, mamangu, na wale watekaji wa 2011 walikuja kabla hatujapeleka jeshi. Mama akasema ndio baba, lakini hawakuwa wengi hivi. Na hapo wote wawili wako sawa, na ndio maana huu mjadala haujaisha miaka yote hii.

Kondakta naye hakuachwa nyuma, akasema wanasiasa ndio wametuchanganya. Julai 2014, mkutano wa Saba Saba pale Uhuru Park, Raila na muungano wake wa upinzani, CORD, walitaka KDF irudi, na jeshi lilipoingia Somalia 2011 Raila alikuwa waziri mkuu. Uhuru, rais wa wakati huo, akakataa, akasema hatutoki mpaka Somalia itulie. Kila mmoja akawa na upande wake na wafuasi wake, na swali lenyewe la tumepata nini na tumepoteza nini likazama kwenye siasa za uchaguzi. Kondakta pia akakumbusha ile ripoti ya 2015 ya shirika la Journalists for Justice iliyodai kuna wakubwa wa jeshi wanafaidika na biashara ya sukari na makaa kupitia Kismayo, KDF wakakanusha kabisa, lakini Bunge halikulichimba mpaka mwananchi akaridhika. Mpaka leo ukimgusia mtu wa Pwani habari ya kubaki Somalia, cha kwanza atakwambia ni sukari.

Sasa mtu aliyenibadilishia mawazo alikuwa nyuma yangu, mama wa makamo kutoka Kilifi anaenda kumsalimia dadake Hindi. Mwanawe ni KDF, amewahi kukaa Dhobley kule Somalia. Hakusema watoke wala wabaki. Alisema yeye anachotaka ni kuambiwa ukweli. Januari 2016 kambi ya KDF ya El Adde kule Somalia iliposhambuliwa alikaa siku nne akipiga simu ya mwanawe haipatikani, na redioni kila afisa anasema tutatoa taarifa baadae, kumbe mwanawe hakuwa hata kituo hicho, lakini yeye angejuaje? Akasema wako wamama ambao simu haikupatikana tena.

Na hapa ndipo nina la kwangu la kusema, na nalisema kwa uchungu kabisa. Serikali ya Kenya mpaka leo haijatangaza hadharani jumla ya wanajeshi waliokufa El Adde. Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud alisema kwenye televisheni kuwa ni kati ya 180 na 200, Nairobi wakakataa hiyo namba bila kutoa yao, CNN wakachunguza wakasema 141. Mwaka mmoja baadae, Januari 2017, kambi yetu nyengine, Kulbiyow, ikashambuliwa na mvutano wa namba ukawa uleule. Tazama Uganda: Mei 2023 kambi yao ya Bulo Marer ilipigwa, Museveni mwenyewe akatokea akasema tumepoteza 54, akaeleza na makamanda walikosea wapi. Ilimuuma lakini alisema. Mganda akibishana leo kama jeshi lao, UPDF, litoke, anabishana akiwa na hesabu mkononi. Sisi tunabishana gizani, mmoja anasema tumepoteza wachache, mwengine anasema mamia, na hakuna anayeweza kumuonyesha mwenzake karatasi.

Mimi msimamo wangu ni kwamba watoke, kwa awamu na kwa tarehe iliyotangazwa. Mpango wenyewe ulikuwepo, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia, ATMIS, kilichukua nafasi ya AMISOM Aprili 2022 kwa ahadi ya kupunguza askari hatua kwa hatua mpaka mwisho wa 2024, wakaondolewa 2,000 kufikia Juni 2023, wengine wakafuata kwa kuchelewa, lakini ilipofika mwisho ikaundwa AUSSOM, kikosi kipya cha Umoja wa Afrika, Januari 2025 na tukaendelea, Burundi wakatoka, Misri wakaletwa kwenye mpango, na pesa zenyewe za kuendesha hiyo kazi ni za kuombaomba. Tangu 2016 Umoja wa Ulaya ulipokata asilimia 20 ya pesa za posho, kila mwaka ni kelele za mfuko. Jeshi linalokaa ugenini kwa bajeti isiyojulikana ya mwakani linahatarisha wale vijana. Lakini mzee mvuvi asidharauliwe: kila kambi ikifungwa Juba, iwe tayari kuna kikosi upande wa Kiunga na Boni, na boti za doria zenye mafuta baharini, na vile vijiji vya Waaweer, watu wa msitu wa Boni, kina Basuba, Mangai na Milimani ambavyo watoto wake walikosa shule kwa miaka sababu ya hii vita vipate walimu na askari wa kudumu. Katiba kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama wa Taifa likitaka kupeleka jeshi nje lazima Bunge liidhinishe. Basi Bunge hilohilo liite wakuu wa jeshi waseme namba, waseme gharama, alafu liwasikilize watu wa Lamu, Garissa, Wajir na Mandera kabla ya watu wengine wote, sababu ni wao wanaoshushwa kwenye basi na vitambulisho mkononi.

Haya turudi kwenye huduma. Tulifika Mokowe kabla ya alasiri, pale jeti vijana wa boti watakuvamia kila mmoja anavuta begi, usiogope, wengi ni watu wazuri, uliza bei kabla hujapanda, na ukitaka rahisi panda ile boti ya abiria wengi usipande spidi. Utingo alinishushia mzigo wangu kwa mkono, hakuurusha, nikampa asante yake.

Kwa ujumla natoa tatu na nusu kwa tano. Nusu imekatwa kwa maji na chaja, moja kwa AC na kwa ile kukosa risiti ya mizigo. Dereva peke yake ningempa tano kamili, na askari waliotusindikiza pia wanastahili heshima, walisimama juani muda wote tunapekuliwa na mmoja alimbebea mtoto mama aliyekuwa na mapacha.

Kama unapanga kwenda: panda basi la alfajiri lisikukute jioni njiani, chukua siti za kushoto asubuhi jua halikupigi, beba maji yako, kitambulisho halisi si picha kwenye simu, na ukiwa na mtoto chukua cheti chake cha kuzaliwa. Na ofisi ya kampuni mkisoma hii, AC ya basi la alfajiri itengenezwe kabla ya kaskazi kuingia, watu wanazimia mle ndani.