Uzoefu wangu: tochi iliongezwa mwanga, mimi nikaongezewa tusi

Nyota moja, na hiyo moja naitoa shingo upande. Fundi mwenyewe simtaji jina, kwani mamake na dada yangu ni majirani na sitaki maneno yafike huko. Lakini kazi yake nitaieleza yote, na alilonitamkia pia nitalieleza, maana hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike.

Tochi ni ya kawaida, bomba la alumini, yala betri moja nene ya kuchaji, ya umbo la 18650. Haikuwa mbovu. Ila mimi ni mtu wa boti, navusha mizigo na watu kutoka Mtangawanda, kisiwani Pate, hadi Lamu mjini, na wakati huo saa ya safari iliamuliwa na maji. Mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ulikuwa haupitiki maji yakikupwa. Ukingoja yajae, ungeweza kujikuta wapita usiku, mikoko huku na huku, na maboya ya nyavu za watu yaelea bila taa. Nilitaka niyaone mapema kidogo. Basi, hilo tu.

Nikaambiwa yuko kijana Langoni, mtaa wa Lamu mjini, anaongeza mwanga kwenye tochi bila kubadilisha taa yake. Nikaenda, nikasimama pale pale anapofanyia kazi. Na hapa lazima niseme haki: mkono wake ni mzuri mno. Ndani ya kichwa cha tochi mna kibao cha duara, upana wake kama shilingi, ndicho kinachopima umeme unaokwenda kwenye LED, yaani ile taa yenyewe. Juu yake mlikuwa na chipu nne nyeusi za namba 7135, na kila moja hupitisha miliampea 350, haizidishi. Nne ni ampea 1.4. Akachukua nne nyingine akazipandisha juu ya zile za kwanza, mguu juu ya mguu, akigusa kwa ncha ya solda, risasi inang'aa kisha inatulia. Miguu ile ni midogo hivi kwamba mimi hata miwani haikunisaidia, naye hakuunganisha hata mmoja pasipostahili. Zikawa nane, ampea 2.8. Kisha kwenye springi ya nyuma akalaza kipande cha waya wa shaba, ili umeme usipotelee kwenye springi ambayo ni nyembamba. Hilo sikumwomba. Alilifanya kwa kupenda kazi yake, nami nilimpenda kwa hilo.

Akaniuzia na betri mpya. Nikalipa bila kuvutana.

Jioni ile nilipoiwasha gatini, punda waliokuwa wamesinzia walisimama. Mwanga mweupe, mzito, unaona kamba za majahazi moja moja. Nikampelekea ujumbe wa shukrani pale pale. Ningeandika usiku huo, ningempa nyota zote tano na kumwombea dua.

Haukupita muda. Bamvua, twarudi na mzigo wa nazi na abiria, mama mmoja na watoto wake. Tumeingia Mkanda, kijana wangu yuko omo, mbele ya boti, na upondo, mimi usukani mkono mmoja na tochi mkono wa pili. Kwenye zile kona huwezi kuwasha na kuzima, wamulika moja kwa moja. Mkononi tochi ilikuwa vuguvugu tu, hakuna cha kunishtua. Ghafla ule weupe ukaanza kuingia buluu, buluu ya kuumiza macho, ukafifia, ukazimika.

Giza la baada ya mwanga mkali si giza ninalolijua mimi. Macho yakishazoea mwanga ule huchukua karibu nusu saa kurudisha nguvu zake za usiku. Nimepita Mkanda kwa nyota peke yake na nikaona njia. Usiku ule sikuona hata omo ya boti yangu mwenyewe. Nikazima mashine. Maji yanatusukuma, matawi ya mikoko yanatupiga usoni, watoto wanalia, kijana anapima kwa upondo na kuita, "Kina! Kina! Tope!" Tukapanda tope. Kwa kuwa maji yalikuwa bado yanajaa, yalitunyanyua yenyewe, tukamalizia safari polepole kwa mwanga wa simu ya yule mama. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Kesho yake nilimwendea fundi, na sikwenda kwa shari. Nilimsalimu, akaitika bila kuinua kichwa. Nikamwambia, "Mwanangu, tochi imezimika njiani na watu ndani ya boti. Hebu ifungue tuone."

"Ilichemka mkononi?"

"La, vuguvugu tu."

"Basi kazi yangu haina kasoro, ami. Ulitaka mwanga, mwanga ulipata."

Nikamwambia mwanga wa kuzimika katikati ya Mkanda haunifai. Hapo ndipo alipoinua kichwa, lakini hakunitazama mimi. Aliwatazama waliokaa barazani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kona ya pili, "Kama waogopa giza, lala nyumbani. Boti wape vijana."

Wakacheka. Si wote, lakini wawili watatu walicheka, na mmoja wao nimemvusha bure mara nyingi alipokuwa hana kitu. Mimi nilishika usukani kabla kijana huyu hajazaliwa. Babangu alipita Mkanda kwa tanga. Niliichukua tochi yangu nikaondoka, sikumjibu neno, na mpaka leo jibu limenikwama kooni.

Tochi niliipeleka Mokowe, upande wa bara, kwa kijana mwingine, hutengeneza vifaa vya sola. Huyu aliifungua mezani mbele yangu na kuniambia kila anachokiona. LED ilikuwa na doa la kahawia katikati, imeungua. Imekaa juu ya kisahani cha alumini, na kisahani kimekaa juu ya kikombe cha shaba ya manjano ambacho katikati ni kitupu! Kinagusana ukingoni tu. Grisi ya kupitisha joto hakuna, pana tone la gundi. Ampea 2.8 kwa volti tatu na kitu ni zaidi ya wati tisa, na sehemu kubwa ya wati hizo hugeuka joto. Joto hilo halikuwa na njia ya kutokea, likabaki pale pale kwenye LED likiipika. Ndiyo maana mkononi ilikuwa vuguvugu. Tochi yenye nguvu hiyo ikiwa imefungwa vizuri, lazima ikuchome kiganja kidogo. Kwa hiyo lile swali la "ilichemka mkononi?" lilikuwa swali la maana kabisa, ila jibu lake aliligeuza kichwa chini, miguu juu.

Nikamuuliza huyu wa Mokowe: je, zile chipu alikosea kuziongeza? Akasema hapana. LED ile ni ya aina ya XM-L, kiwanda chake huiruhusu hadi ampea 3. Chipu zimechomewa vizuri, waya wa springi umewekwa vizuri. Hata yeye aliitazama ile risasi kwa muda, akatikisa kichwa kwa kusifu.

Basi hapo ikanibidi niifikirie upya ile nyota moja. Kazi ya sakiti ni ya nyota nne, nasema kweli. Lakini nikisema hivyo hasira inarudi upya, kwa sababu mtu mwenye mkono kama ule alishindwa nini kukata kipande cha shaba na kukijaza kwenye kikombe? Shaba ya waya mkuukuu ingetosha. Na kwa nini hakuniambia kwamba mwanga ukizidi mara mbili, umbali hauzidi mara mbili? Kuona mara mbili ya umbali kwahitaji mwanga mara nne. Boya nililoliona mita 50, kwa mwanga maradufu nitaliona kama mita 70. Na kwamba betri ya miliampea-saa 3000, iliyokuwa ikinifikisha saa mbili, sasa itanipa saa moja? Ningeambiwa, ningepima mwenyewe. Na hiyo betri aliyoniuzia imeandikwa 9900. Betri ya umbo hilo haifiki hata nusu ya hapo, popote ilipotengenezwa. Hili silipatii udhuru wowote, na hapa ile nyota moja naona hata ni nyingi.

Wa Mokowe alitia LED nyingine, akajaza kikombe kwa kipande cha shaba alichokikata kwa mkasi wa bati na kukisugua kwenye msasa mpaka kikalala sawasawa, akapaka grisi, akatoa chipu mbili zikabaki sita, ampea 2.1. Betri ile akaniambia nisiichaji tena. Tochi sasa yashika joto upesi mkononi, na nikilisikia joto lile naridhika. Nimepita nayo Mkanda, haijanigeuka. Ukiulinganisha mwanga wake na ule wa Langoni, tofauti si kubwa hivyo.

Kwa hiyo mwenye tochi ya kuangazia ua au kutafutia punda vichochoroni, nenda Langoni, utafurahi, nami siwezi kukuzuia. Mwenye boti, asiende. Nami akiniomba radhi pale pale barazani, mbele ya wale wale waliocheka, nitampa nyota zake nne na redio ya boti aifungue. Asiponiomba, ni hiyo moja, na sijui kama nitaiacha.