Fonti nzito iliyochakaa au fonti safi unayoichakaza mwenyewe?

Ukitaka bango lenye sura ya muhuri mkavu au rangi iliyobanduka ukutani, njia ni mbili: upakue fonti (mtindo wa herufi za kompyuta) ambayo tayari ina mikwaruzo, au uchukue herufi nene safi, kama fonti ya Impact iliyobuniwa na Geoffrey Lee mwaka 1965, kisha uikwaruze kwenye programu.

Kwa haraka, iliyochakaa tayari haina mpinzani. Unaandika, umemaliza. Ila itazame kwa karibu: andika HATARI, na zile A mbili zitakuwa na kovu lilelile, mahali palepale. Mchakao wa kweli haujirudii hivyo, na jicho hugundua upesi. Fonti nzuri huwa na maumbo mawili matatu ya kila herufi. Kagua hilo kabla ya kulipa, pamoja na leseni.

Ya kujikwaruzia hula muda, lakini unaamua ukwaruzo uanzie wapi, na mstari mmoja unaweza kupita juu ya neno zima. Mteja akibadilisha maneno, fonti safi iko palepale.

Kwenye fulana zote mbili zinapendeza. Kwenye stika za kukatwa kwa mashine, herufi zenye mikwaruzo ni balaa: kila kidoa ni kipande cha kubandua kwa mkono. Na herufi zikiwa ndogo, chini ya ukubwa wa pointi 20 hivi, mikwaruzo huonekana kama uchafu tu.

Bango la tamasha la kesho? Pakua. Nembo itakayodumu miaka? Ikwaruze mwenyewe, na utunze nakala safi.