Visiwa vya Atlantiki wageni wakishaondoka: kipi ukatie tiketi, kipi uache

Aliyewahi kuwa Zanzibar mwezi wa Aprili anaujua msimu wa wageni wachache: masika yanamwagika, hoteli kadhaa za ufukweni zimefunga, zilizobaki zinakupunguzia bei kabla hujaomba. Katikati ya Atlantiki mambo ni hayo hayo, ila ndege ikiahirishwa huko hakuna boti ya saa mbili ya kukurudisha bara. Ndiyo maana bei ya chumba naiangalia mwisho. Kwanza najiuliza: mvua ikigoma kukatika nitafanya nini, na uwanja ukifungwa kwa upepo, nani atalipia siku za kukwama?

1. São Miguel, Azores

Kwa kipimo hicho, hakuna cha kukigusa. Mchana wa Januari ni kama nyuzi 17, baridi ya sweta na koti la mvua. Na mvua yenyewe ina faida: katika bonde la Furnas kuna mabwawa ya maji moto yatokayo ardhini, na kujilaza humo huku manyunyu yakikupiga utosini ni raha usiyoipata Julai. Bondeni humo hupikwa cozido. Sufuria ya nyama, kabichi na viazi huzikwa kwenye ardhi yenye joto la volkano, ikafukuliwa saa kadhaa baadaye. Wapenzi wa chai wapite Gorreana, shamba linalozalisha tangu 1883. Majani yake yamepangwa mistari mpaka utadhani uko Kericho, ila hapa chini kuna bahari.

Kosa la wengi ni kutaka kuzunguka visiwa vyote tisa vya Azores, ambavyo ni vya Ureno. Boti za Faial, Pico na São Jorge hufanya kazi mwaka mzima bahari ikiruhusu. Kwingineko safari hupungua sana. Chagua kimoja, utulie. Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kupitia Ureno.

2. Madeira

Kuna joto zaidi, na Funchal, mji mkuu, mchana hukaribia nyuzi 20 hata Januari. Nimekishusha kwa sababu ya uwanja wa ndege. Sehemu ya njia ya kurukia imesimama juu ya nguzo kando ya bahari, na upepo ukizidi kiwango ndege hugeuza, pengine ikatua kisiwa jirani cha Porto Santo au ikarudi Lisbon. Acha angalau siku mbili kabla ya safari yako inayofuata. Njia za kutembea kando ya mifereji, levada, nazo hufungwa udongo ukiporomoka. Ukwepe mwaka mpya: fataki za Funchal hupandisha bei kuliko kiangazi. Novemba ni bora.

3. St Helena

Kwa anayetoka Dar au Nairobi, kisiwa hiki cha Uingereza kusini mwa Atlantiki kina njia iliyonyooka: unaunganisha Johannesburg. Ndege za ratiba zilianza Oktoba 2017. Kabla ya hapo ilikuwa ni meli kutoka Cape Town, siku kadhaa baharini. Msimu wao wa baridi ni Juni hadi Septemba. Milimani ukungu, chini Jamestown pakavu, na nyangumi wa nundu wanapita. Papa potwe huja mwanzoni mwa mwaka, lakini kama shida yako ni potwe tu, Mafia ipo.

Wazungu huenda kwa ajili ya Napoleon, mfalme wa Ufaransa aliyefungwa huko. Sisi tuna mfungwa wetu: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar, wa vita vya 27 Agosti 1896, alikamatwa na Waingereza 1916, akapelekwa uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha akafia Mombasa 1927. Panda ngazi 699 za Jacob's Ladder, utazame bahari aliyokuwa akiitazama. Bei ndiyo iliyokiweka nafasi ya tatu, pamoja na bima ya matibabu ambayo ni lazima.

4. Faroe

Ni visiwa vilivyo chini ya Denmark, na Desemba jua huonekana kwa kama saa tano tu kwa siku. Puffin, wale ndege wa baharini wenye midomo ya rangi, wameshaondoka, na boti ya abiria ya kisiwa cha Mykines ni ya kiangazi. Kinachobaki ni upepo na kondoo. Viza nayo ina mtego: Schengen ya kawaida haikuingizi, lazima ile ya Denmark iandikwe wazi kuwa inatumika Faroe. Uliza hilo ubalozini kabla hujalipa chochote.